Ruzuku kwa makumbusho ya jamii: karatasi kwanza, andiko baadaye

Makumbusho madogo mengi ya Tanzania na Kenya, yawe ya kijiji, ya ukoo, ya parokia au ya kikundi cha wazee, huanza kutafuta ruzuku kwa kuandika andiko la mradi. Hapo ndipo kazi huharibika. Mfadhili wa serikali, awe halmashauri, kaunti au ubalozi, huangalia kwanza mambo matatu: vitu hivi ni vya nani, nani amewaruhusu kuvishughulikia, na fedha zikitoka zitaingia akaunti ya nani. Ombi lisilojibu hayo kwa karatasi zenye sahihi na mihuri huwekwa kando hata kama limeandikwa kwa lugha tamu. Anzeni miezi tisa kabla ya tarehe ya mwisho, na sita kati ya hiyo itumieni kwa mambo ambayo hayaonekani kabisa kuwa ni kuandika.

Fedha zenyewe ziko wapi

Njia ya kwanza ni serikali ya karibu. Kenya, Katiba ya 2010 katika Jedwali la Nne imezipa kaunti shughuli za utamaduni, na makumbusho yametajwa humo kwa jina. Malikale zenye umuhimu wa kitaifa zimebaki kwa serikali kuu. Kwa hiyo makumbusho ya jamii yana haki ya kugonga mlango wa kaunti, ila mlango huo una kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni mwa kaunti kabla ya Septemba 1, mkakati wa fedha kabla ya Februari 28, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Mkienda Mei na barua nzuri mtaambiwa subirini, na mtasubiri mwaka mzima. Jambo la kufanya ni kuhudhuria vikao vya ushirikishwaji wa umma Julai na Agosti, kutaja mradi kwa jina, mahali na kiasi, na kuhakikisha umeandikwa katika mpango wa mwaka. Mradi usiokuwa ndani ya mpango huo hauna pa kuning'inia bajeti ikija.

Tanzania Bara, mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mapendekezo hupanda kutoka mkutano mkuu wa kijiji au mtaa kwenda kamati ya maendeleo ya kata, kisha halmashauri. Afisa utamaduni wa wilaya ndiye wa kumfuata, na msimu wake ni Oktoba hadi Desemba, kabla bajeti ya halmashauri haijafungwa. Msitarajie fedha nyingi. Kinachowezekana ni paa, uzio, kuunganishiwa umeme, au mtumishi mmoja wa kuazimwa. Hata hivyo, barua ya halmashauri inayosema mradi umo kwenye mipango yake ina thamani kubwa mbele ya mfadhili wa pili, kwa hiyo msiidharau hata kama haikuja na senti.

Angalizo kabla ya kwenda mbali: Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania hutoa mikopo, na ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu) nayo ni mikopo. Hurudishwa. Makumbusho yanayoingiza viingilio vichache kwa wiki yasiingie humo kwa kudhani ni ruzuku.

Njia ya pili ni balozi. Tatu ndizo hukumbukwa zaidi katika fani hii.

Marekani ina Mfuko wa Balozi wa Kuhifadhi Utamaduni, unaojulikana kwa kifupi AFCP, ulioanzishwa na Bunge la nchi hiyo mwaka 2000. Katika miaka ya karibuni umekuwa ukitoa kati ya dola 10,000 na 500,000 kwa mradi, na mradi unaweza kudumu hadi miezi 60. Mara nyingi kuna raundi mbili: kwanza dokezo fupi la wazo, kisha wanaoalikwa ndio wanaoandika ombi kamili. Fedha za mfuko huu zilifika hadi Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, magofu yaliyoorodheshwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakaingia orodha ya yaliyo hatarini 2004, na kutolewa humo 2014.

Japani ina msaada wa miradi midogo ya utamaduni ya ngazi ya chini, mwenzake na ule unaojenga madarasa na zahanati. Kiwango chake kwa kawaida hakivuki yeni milioni 10. Unapenda vitu vinavyoonekana na kuhesabika: vifaa, samani, ukarabati. Haulipi mishahara wala gharama za kuendesha ofisi.

Ujerumani, kupitia wizara yake ya mambo ya nje, ina programu ya kuhifadhi urithi wa utamaduni tangu 1981, nayo huombwa kupitia ubalozi.

Programu zote hizi hutegemea bajeti ya mwaka ya nchi inayotoa, na zinaweza kusimama mwaka wowote kwa uamuzi wa huko kwao. Barua pepe ya mistari minne kwa kitengo cha utamaduni cha ubalozi, kuuliza kama dirisha la mwaka huu lipo na lini litafungwa, ndiyo hatua ya kwanza kabisa. Msianze kujaza fomu ya mwaka jana mliyoipata kwa rafiki.

Hatua ya kwanza: kumaliza suala la umiliki

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo maombi mengi hufia.

AFCP haifadhili mkusanyo, jengo wala eneo la mtu binafsi au la biashara. Na kuna kipengele ambacho watu hukiruka: haifadhili hata kile ambacho kimepangwa kuhamishiwa umma lakini uhamisho haujakamilika. Mzee aliyekusanya ngoma, vigoda na silaha za jadi kwa miaka 40 na kuzifungulia chumba uani kwake ana mkusanyo binafsi, hata kama anawakaribisha wanafunzi bure. Kuandika kwenye andiko kwamba "mzee amekubali kuikabidhi jamii" hakusaidii. Makabidhiano yanatakiwa yawe yamekwisha siku ombi linapotumwa.

Namna ya kuyamaliza: Bara, undeni bodi ya wadhamini na kuisajili RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini), au sajilini shirika kwa Msajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali. Kenya, kikundi cha jamii husajiliwa chini ya sheria ya 2022, na shirika kubwa zaidi chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, ambayo ilianza kutumika Mei 14, 2024. Usajili wa kikundi una muda wake wa kuisha. Angalieni tarehe kwenye cheti kabla mfadhili hajaiangalia. Kisha mzee, mbele ya watoto wake wakubwa, aweke sahihi hati ya kukabidhi vitu kwa bodi. Watoto ni muhimu kuliko wakili. Mgogoro hauji mzee akiwa hai. Huja baada ya arobaini yake, pale mmoja anaporudi kutoka mjini na kudai kigoda cha babu.

Vitu vilivyoletwa na familia mbalimbali vigaweni mafungu mawili, vilivyotolewa na vilivyoazimwa. Kila kimoja kiwe na karatasi ya ukurasa mmoja yenye picha ya kitu, namba yake, jina la aliyeleta na uhusiano wake na mwenye asili, kama ni zawadi au azima, muda wa azima, masharti (nani asikiguse, kisipigwe picha, kitolewe wakati wa tambiko), sahihi mbili za familia na shahidi. Shahidi kwa Bara ni mwenyekiti wa kijiji, Kenya ni chifu. Vitu vilivyoazimwa msivipangie matengenezo ya fedha za ruzuku mpaka familia iandike kwamba imekubali.

Asili ya kitu pia itaulizwa, na kwa haki. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za kuchongwa za kuwakumbuka wafu, viliibwa vijijini vikauzwa ng'ambo hadi vikafika makumbusho ya Marekani. Yale ya Denver yalikuja kurudisha 30. Tangu kesi za aina hiyo, mfadhili hataki kugundua baadaye kwamba ametengeneza kabati la kuwekea mali ya wizi. Na kama mna mafuvu au mifupa ya watu, iacheni kabisa nje ya ombi la AFCP, kwa sababu haifadhiliwi.

Ardhi ni karatasi ya pili. Jengo likiwa ardhi ya kijiji, tafuteni hati miliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kwa jina la bodi, au angalau muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliogongwa muhuri, wenye orodha ya waliohudhuria. Likiwa kwenye kiwanja cha kanisa au msikiti, pateni mkataba wa matumizi wa miaka isiyopungua kumi. Barua ya paroko peke yake haitoshi, maana paroko huhamishwa.

Hatua ya pili: vibali

Bara, majengo na maeneo yaliyohifadhiwa yako chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na Idara ya Mambo ya Kale chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii ndiyo hutoa ridhaa. Zanzibar ina idara yake ya makumbusho na mambo ya kale, na ndani ya Mji Mkongwe kuna mamlaka maalumu ya uhifadhi iliyoundwa 1985, ambayo hata kubadilisha dirisha la mbele kunaihusu. Kenya ni Makumbusho ya Taifa chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006.

Barua mnayoitaka lazima itaje mradi wenyewe. Barua ya jumla ya "tunatambua juhudi zenu" ni ya kutundika ukutani. Iseme jina la mradi, mahali, kazi zitakazofanyika, kwamba mamlaka haina pingamizi, na nani upande wao atakagua. Waandikieni rasimu ya kuwasaidia, ukurasa mmoja, muipeleke kwa mkono pamoja na picha, na mfuatilie baada ya wiki mbili. Wiki sita ni muda wa kawaida. Wiki kumi si ajabu.

Hatua ya tatu: daftari la vitu

Makumbusho ambayo hayajui yana vitu vingapi hayawezi kuomba fedha za kuvitunza. Habari njema ni kwamba kazi hii haihitaji ruzuku. Watu wawili waliozoea, mmoja akipiga picha na kupima, mwingine akiandika, humaliza vitu 15 hadi 20 kwa siku. Mkusanyo wa vitu 400 ni kazi ya mwezi mmoja wa siku za kazi.

Namba iwe na sehemu tatu: mwaka kilipoingia, kundi la upokeaji, na kitu chenyewe, mfano 2019.4.12. Kama mwaka haujulikani, tumieni mwaka wa kuorodhesha na muandike hivyo kwenye maelezo. Kila mstari uwe na namba, jina la kitu kwa lugha ya wenyewe na kwa Kiswahili, malighafi, vipimo kwa sentimita, hali yake (nzima, kimepasuka, kina wadudu), mahali kilipo hivi sasa, na asili. Andikeni kwenye daftari gumu kwa wino, kisha ndipo kompyuta. Kompyuta huibwa.

Kuandika namba kwenye kitu kuna namna yake. Kwa chuma, mfupa, chungu na mti mgumu, pakeni ukanda mdogo wa Paraloid B-72 (utomvu angavu wa kiwandani unaotumiwa na wahifadhi) iliyoyeyushwa kwenye asetoni kwa kiasi cha gramu 20 kwa mililita 100, ikauke, andikeni kwa wino wa kudumu, kisha pakeni tabaka la pili juu. Siku yoyote namba inaondolewa kwa asetoni bila kuumiza kitu. Nguo hushonewa utepe wa pamba wenye namba, na vikapu na vibuyu hufungwa kitambulisho kwa uzi wa pamba. Rangi ya kucha, wino mweupe wa kusahihishia na gundi ya kunatisha karatasi hula kitu au hukiachia doa, na mhakiki wa maombi akiviona kwenye picha zenu anajua papo hapo kiwango cha kazi yenu.

Picha hizi zitatumika kwenye ombi. AFCP huomba picha chache zilizo safi zinazoonyesha tatizo. Pigeni karibu na dirisha bila mwako, wekeni rula pembeni, na pigeni uharibifu kwa ukaribu: mashimo ya dumuzi, ukungu, ukuta uliopasuka. Picha ya wanakamati wamevaa sare haionyeshi tatizo lolote.

Hatua ya nne: kuchagua kazi inayolipika

Kamati nyingi zinataka jengo jipya. Ni tamaa ya haki, ila kwa AFCP jengo jipya, nyongeza ya jengo na paa la kudumu la kufunika magofu havilipwi. Havilipwi pia maonyesho mapya, ununuzi wa vitu, nakala za vitu vya kale, kujenga upya kwa kukisia kilivyokuwa, kuhamisha eneo la urithi, kutoa kitu nje ya nchi kwa sababu yoyote, uchimbaji wa utafiti peke yake, wala kuingiza picha kwenye kompyuta bila kazi pana zaidi ya kuhifadhi. Kinacholipika ni kutengeneza kilichopo, kukiweka salama, kukiandika na kukilinda. Jengo jipya lipelekeni kwa halmashauri, kaunti au mfuko wa Japani.

Kazi mbili ndizo zinazofaa zaidi makumbusho madogo.

Ya kwanza ni stoo. Makumbusho mengi yana vitu vingi vilivyowekwa sakafuni au juu ya kabati, na ICCROM, kituo cha kimataifa cha uhifadhi wa urithi, ina mbinu iitwayo RE-ORG iliyotengenezwa mahsusi kwa stoo ndogo zisizo na fedha. Kuitaja na kuifuata hatua kwa hatua humpa mhakiki kitu anachokijua. Kwa vitu 400, mradi wa kawaida unaweza kuwa na rafu sita za chuma zilizopakwa rangi ya kuokwa (Pwani chuma kitupu hushika kutu ndani ya msimu mmoja), ubao wa chini ukiwa sentimita 15 kutoka sakafuni ili mchwa na maji vionekane kabla havijapanda, njia ya sentimita 90 katikati, maboksi 120 ya karatasi isiyo na tindikali, vipimajoto na unyevu vitatu vinavyojirekodi, mitego 40 ya wadudu, vizima moto viwili vya gesi, na mafunzo ya siku tano kwa watu wanne. Msiweke dawa ya kunyunyizia wadudu. Hukaa kwenye vitu na kuwadhuru wanaovishika, na ndiyo bidhaa ya kwanza kufutwa.

Ya pili ni kuta za nyumba za mawe za Pwani. Hapa kosa ni lilelile kutoka Lamu hadi Mikindani: saruji. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunyonya maji ya chini na kuyatoa kupitia plasta ya chokaa. Ukipigwa saruji, maji hukwama ndani, chumvi huganda nyuma ya plasta na kulimega jiwe, na baada ya miaka michache plasta huanguka na kipande cha ukuta. Andikeni wazi: chokaa iliyolowekwa miezi isiyopungua mitatu, sehemu moja kwa tatu za mchanga uliooshwa usio na chumvi, tabaka jembamba jembamba, kila moja likilowanishwa na kufunikwa magunia lisikauke haraka. Hilo lina maana kwa ratiba pia. Chokaa ilowekwe mwezi wa kwanza, kwa hiyo fundi mwashi hawezi kuanza kabla ya mwezi wa nne, na mwezi huo usiangukie masika. Miradi mingi huchelewa kwa sababu hakuna aliyelihesabu hili. Boriti za mikoko nazo zinahitaji kibali cha uvunaji. Nunueni kwa muuzaji mwenye hati.

Kabla ya plasta, kabla ya rangi, mhandisi aangalie kama nyumba inasimama. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa 1883, ilianguka sehemu Desemba 25, 2020 wakati kazi ya ukarabati kwa fedha za Serikali ya Oman ikiendelea, na watu wawili wakafa. Tangu siku hiyo, ombi la jengo la ghorofa lisilo na ripoti ya mhandisi na fedha za kuegemeza kuta linasomwa kwa wasiwasi, na hata makumbusho ya chumba kimoja yataulizwa habari ya paa.

Ushauri wa kiufundi hauko mbali. Mombasa kuna Kituo cha Maendeleo ya Urithi Afrika, na mafundi wa chokaa wa Unguja na Lamu wanajulikana. Kupata barua ya mtaalamu mmoja anayekubali kusimamia, pamoja na wasifu wake wa kurasa mbili, kunabeba ombi kuliko kurasa kumi za historia ya ukoo.

Hatua ya tano: andiko

Sasa andikeni. Kurasa nane zinatosha kama fomu haijasema vingine. Tatizo kwanza, kwa takwimu zenu wenyewe kutoka daftarini: "kati ya vitu 412, vya mti ni 176, na 58 kati ya hivyo vina mashimo mapya ya dumuzi." Kisha umuhimu wa mkusanyo, aya mbili, si kurasa tano. Kisha kazi, mwezi kwa mwezi, kila kazi ikiwa na mhusika. Kisha hatari na namna mtakavyozikabili. Mwisho, nani atatunza baada ya fedha kuisha. Hapa toeni hesabu, kwa mfano viingilio vya mwaka uliopita na mchango ulioandikwa wa kijiji. Kusema "jamii itaendeleza" kunamaanisha kwamba hamna mpango.

Ombi la Marekani linataka pia shirika lisajiliwe katika SAM, mfumo wa mtandaoni wa serikali ya Marekani wa wanaopokea fedha zake, na kupata namba ya utambulisho iitwayo UEI. Usajili ni bure, na huchukua wiki kadhaa hasa jina au anwani kwenye hati ya usajili ikitofautiana na taarifa ya benki hata kwa herufi moja. Kutakuja barua pepe za madalali wanaodai malipo "kuharakisha". Zifuteni. Jina la shirika liandikwe sawasawa kila mahali: cheti, katiba, TIN, akaunti, fomu.

Hatua ya sita: bajeti

Bajeti husomwa kabla ya andiko. Mhakiki mwenye haraka huanzia huko.

Kila mstari uwe na kipimo, idadi, bei ya kimoja na jumla. "Vifaa vya ukarabati: shilingi milioni 9" si mstari. Mifuko mingapi ya chokaa, lori ngapi za mchanga, siku ngapi za fundi na za msaidizi wake. Kwa kila kinachonunuliwa kwa fedha nyingi, leteni profoma (ankara za bei kabla ya kununua) tatu kutoka kwa wauzaji watatu walio tofauti kweli. Ubalozi wa Japani huzidai, na afisa hupiga simu kwenye namba zilizoandikwa. Profoma tatu zilizochapwa kwa mtindo mmoja, zenye kosa moja la tahajia, zimewahi kuzika maombi mazuri.

Mambo manne hukosewa zaidi:

Dharura. Tumezoea kuongeza asilimia 10 ya dharura chini kabisa. AFCP hairuhusu dharura wala "mengineyo". Badala yake, bei za vitu vinavyopanda ziombwe kwa profoma yenye uhalali wa siku 90, na kiasi kihesabiwe pamoja na upotevu wake: chokaa na mchanga ongezeni upotevu ndani ya idadi, mkieleza kwa nini.

Kodi. VAT ni 18% Bara na 16% Kenya. Semeni kama bei ina VAT au haina, na muulize mfadhili mapema kama analipa kodi, maana msaada wa Japani kwa kawaida hautaki kubeba kodi ya nchi inayopokea. Mtaalamu mkazi hukatwa kodi ya zuio 5% kwa huduma zake, pande zote mbili za mpaka. Msipomwambia mwanzo, atagoma katikati ya kazi akidhani mmemdhulumu.

Sarafu. Bajeti iko kwa dola, fundi analipwa kwa shilingi. Andikeni kiwango cha kubadilisha na tarehe mliyokichukua. Shilingi ikipanda thamani kabla fedha hazijaingia, mtakosa. Jueni mapema ni kazi gani mtakayoipunguza.

Gharama za ofisi. Sheria za ruzuku za Marekani, tangu Oktoba 2024, zinamruhusu asiye na kiwango cha gharama za ofisi alichokubaliana na serikali hiyo kudai hadi 15% ya gharama za moja kwa moja za mradi, baada ya kutoa zile ambazo kanuni hazizihesabu. Kabla yake ilikuwa 10%. Mashirika madogo huogopa kuidai, kisha hulipa umeme na mhasibu kwa fedha za viingilio. Daini, kama tangazo la mwaka huo haliikatazi.

Posho za vikao ziwekeni chini au ziondoeni. Hakuna mstari unaoleta maswali mengi kuliko huo.

Fedha zikikubaliwa

Fungueni akaunti ya mradi peke yake, yenye watia sahihi watatu na wawili wakitosha kutoa, wasiwe wa nyumba moja. Msianze kazi wala kununua kitu kabla mkataba haujasainiwa na pande zote. Gharama ya siku moja kabla ya tarehe ya mkataba hairudishwi.

Bara kuna hatua ambayo wengi huijua wakiwa wamechelewa. Kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali za 2018 zinataka mkataba wa fedha unaozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 tangu kusainiwa, na taarifa ya fedha hizo itangazwe. Pigeni simu ofisi ya Msajili wiki mnayosaini ili mpate utaratibu wa sasa, na tumeni nakala siku ileile.

Ununuzi uende na karatasi zake kwa mfuatano: maombi ya manunuzi, profoma tatu, muhtasari wa kamati ukisema kwa nini mmoja alichaguliwa, hati ya malipo, risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi (Kenya, ankara ya mfumo wa kodi wa eTIMS), na hati ya kupokea bidhaa. Fundi asiye na mashine ya risiti hulipwa kwa hati ya malipo yenye jina, namba ya kitambulisho, siku alizofanya kazi na sahihi yake, na kwa benki au simu ili kubaki na alama. Fedha taslimu ziwe za chai.

Likitokea badiliko, andikeni kwanza, fanyeni baadaye. Kuhamisha fedha za rafu kununua jenereta bila idhini ya maandishi ni kosa la kurudisha fedha, hata kama jenereta ilihitajika kweli. Kwa kawaida jibu huja ndani ya wiki mbili au tatu, na mara nyingi ni ndiyo.

Ripoti zinataka namba zilezile za andiko: vitu 58 vilivyokuwa na dumuzi, vilivyotibiwa vingapi, picha ya kabla na baada kutoka pembe ileile. Awamu ya mwisho ya fedha kwa kawaida hubaki hadi ripoti ya mwisho ikubaliwe, kwa hiyo msimwahidi fundi malipo yake yote kutoka awamu hiyo.

Mwisho, faili. Ruzuku ya Marekani inataka nyaraka zikae miaka mitatu baada ya ripoti ya mwisho ya fedha; sheria za kodi, Bara na Kenya, zinataka mitano. Wekeni mitano. Risiti za EFD hufifia ndani ya miezi michache kwenye joto la Pwani, hivyo toeni nakala au pigeni picha siku ya kununua, nakala moja ikae makumbusho na nyingine kwa mweka hazina, nyumba tofauti.